Walinidhani Mume wa Binti Yangu

Binti yangu alipopata mimba alikuwa kidato cha pili. Aliyempa mimba hiyo, mwanamume mwenye kibanda cha kuchaji simu hapa Malaba, aliposikia tu alivuka mpaka akaingia Uganda, na mpaka leo sijamtia machoni. Mke wangu aliwaonea haya wenzake wa kanisani. Akasema mtoto akae ndani mpaka siku zitimie. Nikamwambia mimba haifichwi ikaisha. Kesho yake nikayaacha magurudumu ya malori niliyokuwa nikiziba pancha, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, nikampeleka mwenyewe kliniki.

Mabenchi ya zahanati yalikuwa yamejaa akina mama. Mwanamume nilikuwa peke yangu. Muuguzi akachungulia mlangoni, macho yake yakatua kwangu.

"Mzee, wewe na mama mkuje mbele. Hapa wanaokuja na mabwana wao tunawahudumia kwanza."

Niligeuka kumtafuta huyo mama. Kumbe anamtazama binti yangu, aliyevaa sweta ya shule kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa bado inamtosha. Mimi kichwa kizima ni mvi. Muuguzi alikuwa anatabasamu.

"Mwaona?" akawaambia wale kina mama. "Waambieni mabwana zenu waige huyu mzee."

"Mimi ni baba yake," nikasema. "Huyu nimemzaa."

Tabasamu likamtoka. "Basi rudini nyuma mpange laini. Na siku ingine aje na aliyempa hiyo mimba, tuwapime wote wawili." Akamgeukia binti yangu. "Na wewe, shule ilikushinda, ukaona wanaume ndio rahisi?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha.

Damu ilinichemka. Nilipokuwa mume, mzee aliyeoa mtoto wa shule, nilikuwa mfano wa kuigwa. Hakuna aliyeuliza umri wake. Hakuna aliyewaza kumwita chifu. Nilipokuwa baba, tukawa takataka.

"Kwa hivyo ningekuwa nalala naye mngenipa kiti?" nikapaza sauti. "Eh? Hiyo ndiyo heshima yenu?"

Mlinzi akaja, akanionyesha lango. Binti yangu alikuwa amenishika shati, machozi yakimlengalenga. "Baba, twende. Tafadhali, twende."

Tukaondoka bila hata kupimwa presha.

Tangu siku hiyo akakataa kliniki. Nilimbembeleza, mama yake pia akalegea akambembeleza. Nilipotaja zahanati nyingine, aliinuka akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Miezi ikapita hivyo. Kisha miguu ikamvimba, kichwa kikawa kinamgonga, na asubuhi moja akasema anaona nyotanyota na hanioni vizuri. Niliita pikipiki, tukambana katikati mimi na mwendeshaji, tukaenda naye hadi hospitali ya Alupe.

Presha ilikuwa imepanda vibaya. Daktari kijana aliyempokea akaniuliza, "Mzee, mbona mmechelewa hivi? Hii kitu tungeiona mapema kama angekuwa anakuja kliniki."

Nikamweleza tulivyofukuzwa. Akasema, "Pole sana, mzee," akakimbilia chumba cha upasuaji.

Walimzalisha kwa upasuaji, wakapona wote wawili. Mtoto alikuwa mdogo kama kifaranga, akakaa kwenye mashine ya joto mpaka akapata nguvu. Binti yangu sasa amerudi shuleni, shule nyingine kule Amukura, ambako hakuna anayemjua.

Baadaye nilirudi kwenye ile zahanati nikaomba kuonana na mkuu wao. Alinisikiliza huku akitazama simu. "Mzee," akasema, "si mtoto ni mzima? Mshukuru Mungu."

Mungu namshukuru kila siku. Lakini siye aliyekuwa amesimama mlangoni siku ile.

Hakuna aliyetuomba radhi. Wasichana wa mtaani wakipata mimba sasa, mke wangu ndiye huwasindikiza kliniki, yeye huyohuyo aliyetaka wetu afichwe. Anaketi nao kwenye benchi, na muuguzi akianza maneno yake anamkatiza: "Mpime kwanza, utamtukana baadaye." Nimemwomba aniruhusu niende naye hata siku moja. Anakataa. Anasema nitapiga mtu.

Na kweli nitapiga.