Kipimo Hakilali Ghalani

Si kweli kwamba Rwamba, binti wa marehemu Mwalimu Ngari wa Kianjokoma, alifuta rekodi za maziwa ya watu. Wanaoeneza hayo sokoni hawajakanyaga ofisi ya chama cha wafugaji.

Rwamba ndiye aliyetengeneza programu ya kupokelea maziwa. Mtungi ukiwekwa kwenye mzani, kompyuta huandika uzito na kuhifadhi picha ya mtungi. Ili picha zisijaze diski, aliziwekea kikomo, akakiandika katika faili ndogo iliyokaa folda moja na kazi za makarani. Hapo ndipo alipokosea.

Karani Njagi huanza asubuhi kwa kurudisha mzani kwenye sifuri. Siku moja alipoiona faili ile na namba yake, akairudisha nayo sifuri. Kwa programu, sifuri ilikuwa na maana kwamba hakuna kikomo. Picha zikarundikana hadi diski ikajaa, na maziwa ya asubuhi nzima yakakosa pa kuandikwa. Uzito ulirudishwa kutoka kwa risiti za wafugaji, lakini jina la Ngari lilikuwa limeshachafuka.

"Kifiche kikomo ndani ya programu yenyewe," mwenyekiti Peninah alimshauri. "Ukiguse wewe tu."

"Hapana, mama. Kesho mtasema binti wa Ngari amekifungia chama kabatini mwake."

Akarudi nyumbani amefura. Jikoni kilining'inia kibuyu cha nyanya yake cha kupimia mahindi. Nyanya hakukubali kilale ghalani hata siku moja. Aliyetaka kuchota alikuja kukiomba jikoni, mbele ya watu. Rwamba akakitazama hadi chai ikapoa.

Kesho yake akakihamishia kikomo kwenye faili ya peke yake, nje ya folda ya makarani. Programu inakisoma, kukibadilisha kunahitaji nywila ya meneja na ya katibu, wote wawili. Sifuri haipokelewi. Kisha akawaita wafugaji.

"Njagi, iharibu faili hii," Rwamba akamwambia.

"Dada, unataka nifutwe kazi?"

"Andika sifuri kama siku ile, nimesema!"

Faili ikagoma kufunguka. Njagi akaweka mitungi mzanini, picha zikapigwa mfululizo. Zilipofika kikomo zikakoma, na uzito ukaendelea kuandikwa.

"Kumbe ni kidole chako, Njagi!" mzee Kinyua, mmoja wa wafugaji, akaangua kicheko. "Na sisi tumemla mtoto wa watu mzimamzima."

Mama yake Rwamba anajua uvumi ule ulianzia kwa nani. Ameulizwa kanisani, ameulizwa sokoni. Hujibu tu kwamba jina la Ngari ni safi. Zaidi ya hapo hasemi.