Alasiri Ambayo Bendi Haikutakiwa Kunyamaza

Bertilla alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Katandala mjini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya juu iliyomtoa kwenye kwaya ya kigango huko Pito na kumfikisha jukwaani. Mama yake hakulipenda jambo hilo. Alisema sauti ya kumwimbia Mungu haiendi kuwaimbia walevi. Bertilla hakubishana naye. Jumapili aliimba kanisani, na kiangazi kilipoingia, mahindi yakishavunwa na ulezi ukishapurwa, alifunika cherehani yake, akabeba sweta na kanga zake, akapanda Kanta, lori lao dogo, pamoja na wenzake wa bendi ya Upepo wa Juu.

Walikuwa wanne tu. Modesti, kiongozi wao, alipiga gitaa la solo. Loth alipiga besi, na ndiye aliyekuwa dereva. Ngoma zilikuwa za Shija, kijana mrefu asiye na maneno mengi, ambaye wazazi wake ni wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Rukwa kabla hajazaliwa. Kila kiangazi walizunguka vijiji vya Ufipa, wakipiga kwenye harusi, kwenye minada na kwenye sikukuu za parokia. Watu huwa na nafasi wakati huo, na nyumba nyingi huwa na chakula.

Mwaka huo walialikwa kijiji kimoja cha bondeni, mbele ya Kaoze. Waliondoka mjini asubuhi wakiwa wamejikunyata kwa baridi, wakateremka milima polepole, na kadiri Kanta lilivyoshuka ndivyo kila mmoja alivyovua sweta lake. Walipofika chini, joto lilikuwa limewashika shingo. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa watu, lakini hakuna aliyewapungia mkono.

Mtendaji wa kijiji, mzee mmoja mnene aliyeitwa Sebastiani, aliwafuata kabla Loth hajazima injini.

"Shikamoo, mzee," Modesti alisema.

"Marahaba. Msishuke kwanza, nisikilizeni." Alipanda kwenye kibao cha kukanyagia mlangoni, akazungumza kwa sauti ya chini. Asubuhi ile ng'ombe wa mzee Masunga, mfugaji, walikuwa wameingia kwenye mpunga wa mkulima Mathias, uliokuwa umekatwa na kulundikwa shambani. Mathias alipokwenda kuwatoa, wachungaji wawili wa Masunga walimpiga fimbo za kichwa. Alikuwa amekimbizwa kituo cha afya kwa pikipiki, mpwa wake akimshikilia kwa nyuma, hajitambui. Ndugu zake walikuwa uwanjani na mapanga yao ya shambani. Wafugaji nao walikuwa uwanjani na fimbo zao.

"Basi tugeuze gari," Loth alisema.

"Mkigeuza, mmetuua. Nikiwatawanya hawa, kila kundi litakwenda kwake kujipanga. Wakiwa hapa nawaona. Mzee Masunga ameshaingia darasani na wazee wa pande zote mbili, tunaongea. Nyinyi pigeni muziki. Ila msinyamaze. Wakisikia kimya watajua Mathias amekufa, au mazungumzo yamevunjika."

"Na askari?" Bertilla aliuliza.

"Nimepiga simu. Wako mbali."

Waliangaliana. Modesti aliwauliza mmoja mmoja, maana hakuwa mtu wa kuamulia wenzake. Shija ndiye aliyejibu wa kwanza. Alisema tu, "Tupange ngoma," akashuka.

Jukwaa lao lilikuwa Kanta lenyewe, mbao za ubavuni zikiwa zimeteremshwa. Kutoka pale juu Bertilla aliona vizuri jinsi watu walivyokaa. Upande wa kulia, karibu na madarasa, walikuwa wakulima. Upande wa kushoto, chini ya miti ya uzio, walikuwa wafugaji. Katikati palikuwa na nafasi pana ya vumbi ambayo hata watoto hawakuivuka. Kwenye goli la mbali alikaa mwanamke mmoja peke yake, kanga ameivuta hadi usoni. Alikuwa Luciana, mke wa Mathias. Pikipiki haikuwa na nafasi yake.

Walianza. Hakuna aliyecheza. Bertilla alikuwa ameshaimbia watu waliolewa, watu waliosusa, hata watu waliosinzia, lakini hakuwahi kuimbia watu waliokuwa wanatazamana wenyewe kwa wenyewe. Wimbo wa kwanza uliungana na wa pili, wa pili na wa tatu. Modesti alikuwa akibadilisha nyimbo bila kuacha pengo, akimpa ishara kwa kichwa.

Haikuchukua muda vijana kadhaa wa upande wa kulia walisogea hadi kwenye gari. Mmoja wao, ameshika panga kwa kuliegemeza begani, alimnyooshea Shija kidole.

"Huyo Msukuma ashuke. Ninyi wengine endeleeni."

Modesti alijifanya hasikii. Bertilla aliondoa maiki mdomoni, akainama, akamjibu yule kijana kwa Kifipa, taratibu, kama anavyomjibu mteja aliyekuja kugomba kwamba nguo yake haijaisha. Alimwambia kwamba Shija akishuka na yeye atashuka, na hao watakaobaki hawajui kuimba. Kisha akamuuliza ni mtoto wa nani. Kijana alisita. Ni vigumu kumtukana mtu aliyekuuliza ukoo wako kwa lugha ya mama yako. Alirudi nyuma hatua chache, lakini hakuondoka, na panga hakuliteremsha.

Hapo hapo sauti ikapazwa kutoka upande wa kushoto, ikimwita Shija kwa Kisukuma. Mzee mmoja alikuwa amesimama juu ya mzizi, anapiga kelele huku anapunga fimbo.

"Anakutukana?" Bertilla aliuliza, mgongo kaupa uwanja.

"Ni mjomba wangu," Shija alisema bila kuacha kupiga. "Ananiambia nishuke, watu wenu wataniua."

Bertilla aliendelea kumtazama.

"Usinitazame mimi, dada. Watazame wao. Wakiona unanitazama watajua tunaogopa."

Akageuka, akaimba. Koo lilikuwa limeanza kukwaruza kwa vumbi. Alikunywa maji pale gitaa lilipopokea wimbo, akaimba tena. Mlango wa darasa ulikuwa umefungwa. Mara moja ulifunguka, uwanja mzima ukageuka, lakini alikuwa ni mtu mmoja tu aliyetoka kwenda kujisaidia, akarudi ndani.

Jiwe lilitoka wapi hakuna aliyejua. Lilimpiga Shija begani. Mkono wake wa kushoto ulianguka, ngoma ikakosa pigo moja, kisha akalidaka lililofuata, akaendelea. Wachache ndio waliosikia pengo lile. Bertilla alilisikia.

Halafu jenereta lililokuwa likiendesha spika zao likakohoa. Loth aliruka kwenda kuliangalia, akarudi anatikisa kichwa. Petroli ilikuwa imekwisha, na dumu la akiba lilikuwa na mafuta ya taa. Mtu alikuwa amewachanganyia mjini. Spika zilikata. Gitaa la Modesti likabaki linalia kama waya wa uzio.

Uwanja wote ulisimama. Bertilla aliona panga likishuka kutoka begani kwa yule kijana na kukaa mkononi. Aliona fimbo zikiinuka chini ya miti. Kutoka kulia mtu akasema, si kwa kelele, "Mathias amekufa," na neno hilo likaanza kupita kwenye vinywa vya watu.

Shija hakuacha kupiga. Ngoma haihitaji umeme. Bertilla aliweka maiki chini, akafungua kinywa, akaanza wimbo ambao bibi yake alikuwa akiuimba wakati wa kupura ulezi, wimbo wa mmoja kuita na wengine kuitikia. Aliita. Hakuna aliyeitika. Akajiitikia mwenyewe. Akaita tena kwa nguvu zote, sauti ikapasuka katikati, akajiitikia hivyo hivyo, imepasuka.

Mara iliyofuata aliitikiwa. Sauti ilitoka golini. Luciana alikuwa amesimama, kanga imeanguka mabegani, anaitikia kwa sauti nene ya mtu aliyekwisha kulia. Alitembea huku anaitikia, akaingia kwenye ile nafasi ya vumbi, akasimama katikati. Ikawa haiwezekani tena kusema mumewe amekufa na yeye yuko pale anaimba. Wanawake wa upande wa kulia wakaanza kuitikia, kwanza wachache, kwa aibu. Upande wa kushoto hakuna aliyeimba, maana wimbo haukuwa wao, lakini fimbo zilishuka zikagusa ardhi.

Bertilla aliendelea kuita hadi hakusikia tena kinachotoka kooni mwake. Jua lilikuwa limeegemea milimani mlango wa darasa ulipofunguka. Sebastiani alitoka na simu mkononi, mzee Masunga nyuma yake ameinamisha kichwa. Mathias alikuwa ameshonwa, ameamka, ameomba maji. Masunga angefidia mpunga wote, na wachungaji wawili wangekabidhiwa askari wakifika. Wapo walionung'unika pande zote mbili. Yule kijana wa panga alitema mate chini. Lakini watu waliondoka kwa njia zao, wakiwa na watoto wao.

Shija alipotaka kusimama, mkono wa kushoto haukuinuka. Loth na Modesti ndio waliofungua ngoma zake. Luciana alikuja hadi kwenye gari, na Bertilla akajaribu kumshukuru, hewa tupu ikatoka.

"Usiongee," Luciana alisema. "Niliona umeelemewa, mwanangu. Nikakusaidia."

Katika vijiji vilivyosalia Modesti aliimba mwenyewe, vibaya. Mjini daktari alimwamuru Bertilla anyamaze wiki kadhaa. Akawa anawapima wateja wake kwa ishara. Sauti ilirudi, ila ile ya juu haikurudi. Kanisani alihamishwa kutoka safu ya kwanza kwenda kukaa na wenye sauti ya pili, na kwa mara ya kwanza mama yake alimuuliza huko bondeni kulitokea nini. Alimweleza yote. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia aongeze tangawizi kwenye chai.

Kiangazi kilichofuata kijiji kile kiliwaita tena. Modesti alikuja Katandala kumuuliza. Shija alikuwa ameshasema haendi. Alisema hana chuki na mtu, ila bega lake likifika kule litakumbuka. Bertilla aliinama juu ya cherehani, akamalizia mshono wa shati la shule aliokuwa ameushika. Kisha akamwambia Modesti aende akamtafute Shija tena, amwambie kwamba Bertilla anakwenda, na asimbembeleze. Amwambie tu, na amwachie mwenyewe aamue.