Sufuria ya Mchanga

Watu wanaoniona uwanjani na ndege yangu ya rimoti hudhani mchezo wenyewe ni kurusha. Kurusha ni dakika chache tu, betri inaisha, unashusha. Sehemu kubwa ya mchezo huu ni kukaa chini jioni ukiitazama betri ikijaa, na moyo hautulii hata mara moja. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Nikifunga mlango narudi kuujaribu tena, na maji ya chai yakiwa jikoni siwezi kuondoka. Kwa nini mtu wa namna hiyo akachagua mchezo wa betri zinazoweza kulipuka moto, sijui. Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Betri zenyewe ni ndogo na laini, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na ndani zina seli tatu zinazotakiwa kujaa sawasawa. Hazipendi joto, na mimi naishi Lodwar. Ikitoka kwenye ndege ikiwa moto, ni lazima uingoje ipoe kabla ya kuichaji, na kwetu unaweza kuingoja mpaka ukasahau ulichokuwa unangojea. Ukiijaza kupita kiasi inavimba. Ikivimba sana inapasuka, inatoa moshi mweupe, kisha moto mkali ambao hauulizi umemwaga maji kiasi gani.

Kwa hiyo nilijiwekea sheria zangu. Betri inachajiwa nje, ndani ya sufuria kuukuu iliyojaa mchanga wa mto Turkwel, na mfuniko juu. Sufuria inakaa katikati ya boma, mbali na kila kitu kinachoweza kushika moto. Na haiachwi peke yake hata kidogo. Nikienda haja, naichomoa kwanza. Majirani walikuwa wakipita wananiona nimekaa kando ya sufuria isiyo na moto chini yake, wananiuliza kitoweo kitaiva lini.

Walicheka kwa sababu hawakujua ninachokiogopa. Boma letu lina nyumba mbili. Yangu ni ya mabati. Ya mama ni ya makuti, ukuta makuti, paa makuti, na amekataa kabisa kuhama humo, eti mabati yanamwoka akiwa hai. Hilo siwezi kumbishia. Lakini nilipokuwa mdogo, darasa la pili au la tatu, nyumba yake ya wakati huo, ya makuti vilevile, iliungua mchana mmoja wa upepo. Cheche ilitoka jikoni kwa jirani. Mama alikuwa ameshatoka salama, amesimama nje na wenzake, kisha akakumbuka kwamba sare yangu ya shule ilikuwa imetundikwa ndani. Akarudi. Alitoka nayo, na kovu la siku ile liko mpaka leo, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Akiona nalitazama, huvuta shuka akalifunika.

Sasa mtu ajue kwamba nikikaa kando ya ile sufuria, silindi betri. Namlinda mama.

Mchezo huu niliupata Kakuma, miaka niliyofanya kazi huko. Rafiki yangu, Mkongo anayefundisha katika shule moja ya kambini, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukata mabawa kutoka kwenye yale makasha meupe mepesi ya kusafirishia samaki. Niliporudi Lodwar tuliendelea kupigiana simu kila wiki, mazungumzo yote ni mota, propela na betri. Mwaka huu akaniomba niende Jumamosi moja nirushe ndege mbele ya wanafunzi wake, maana ndege yake ilikuwa imevunjika bawa. Nilikuwa na betri tatu. Nikamwahidi kurusha mara tatu.

Betri za namna hii haziwekwi siku nyingi zikiwa zimejaa, zinaharibika. Unazijaza siku moja kabla. Basi Ijumaa jioni, jua lilipoanza kulegea, nikavuta waya mrefu wa umeme kutoka nyumbani kwangu hadi katikati ya boma na kuanza. Ya kwanza ikajaa vizuri. Ya pili vilevile. Ya tatu nilipoishika nikaona tumbo lake limeinuka kidogo. Niliibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea na kurudi. Kila mwenye mchezo huu anaijua saa hiyo. Unajua betri imeanza kuharibika, na unajua pia kwamba nyingine huna, na kichwa kinaanza kukutafutia maneno matamu. Imevimba kidogo tu. Nitaichaji polepole. Nikaipiga picha nikamtumia rafiki yangu, na bila kungoja jibu nikaiweka kwenye mchanga, nikawasha chaja.

Simu ikalia. Ndani ya boma letu mtandao ni wa kubahatisha, maneno yanakatika katikati, mpaka utoke barabarani. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake akisuka kikapu. Mimi na yeye huzungumza Kiturkana.

"Mama," nikamwambia, "kaa na hii. Usiiache peke yake. Narudi sasa hivi."

"Nenda," akasema, na akasogea karibu na sufuria.

Sikuichomoa. Nilikuwa na mtu wa kukaa nayo, ndivyo nilivyojiambia. Nikatoka mpaka kando ya barabara, sikio moja kwenye simu, jingine nimeliziba kwa kidole kwa sababu upepo ulikuwa umeanza.

"Kaka, nimeona ile foto," rafiki yangu akasema. "Ile betri haiko muzuri. Usiichaji, unasikia?"

"Iko kwa chaja."

"Iko fasi gani?"

"Iko nje, kwa sufuria ya mchanga."

"Na iko na nani?"

"Iko na mama."

"Kimbia, kaka," akasema. "Wacha simu, kimbia."

Nilipogeuka, vumbi lilikuwa limeshafika. Wanaoijua Lodwar wanaujua upepo ule, unakuja mwekundu na kufunga kila kitu, na watu wote wanafanya jambo moja: wanakusanya vilivyo nje na kuviingiza ndani. Nguo, mbuzi wadogo, unga ulioanikwa. Nilikimbia nikiwa nimefumba macho nusu, nikishika ua kwa mkono nisipotee kwenye boma langu mwenyewe.

Katikati ya boma hapakuwa na sufuria. Palikuwa na alama yake ya duara kwenye mchanga, nayo ilikuwa inafutika. Nilisimama pale kama mjinga. Kisha nikaona waya wangu, umevutwa umenyooka, unapita juu ya mchanga moja kwa moja mpaka kwenye nyumba ya makuti, na kuingia chini ya mlango.

Sikumbuki kupiga hatua. Nakumbuka mlango ulikataa, kwa sababu mama alikuwa ameuegemezea dumu la maji ili vumbi lisiingie. Niliusukuma kwa bega. Ndani mlikuwa na giza, na chaja ilikuwa inalia, pi, pi, pi, sauti ambayo huitoa seli moja inapokataa kujaa. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, sufuria katikati ya miguu yake. Ameifunika kwa shuka lake, lile alilolivua mwilini. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya mfuniko.

"Inalia," akaniambia. "Nimeishika."

Nilichomoa waya, nikaiinua ile sufuria na shuka lake juu, nikatoka mbio. Kitako cha sufuria kilikuwa na joto. Niliitua mbali kabisa, nyuma ya zizi, ambako hakuna hata jani, nikafungua mfuniko kwa kijiti. Betri ilikuwa imetuna kama andazi ndani ya mafuta. Nikarudi nyuma, nikangoja. Nilikuwa na hasira, sijui na nani, na upepo labda.

Haikuwaka. Ilikaa pale mpaka ikapoa, na asubuhi nikaitia kwenye ndoo ya maji ya chumvi, ndivyo zinavyomalizwa. Mama alilalamika juu ya chumvi yake. Lakini kabla ya hapo, upepo ulipotulia, nilikwenda kuketi naye mlangoni. Nilitaka kumgombeza. Nikaishia kuuliza.

"Kwa nini uliiingiza ndani, mama?"

"Upepo ulikuja. Ulisema isiachwe peke yake. Ningekaa wapi kwenye vumbi lile?"

"Ungeiacha tu uingie mwenyewe."

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye ninayezeeka. "Ulisema isiachwe."

"Na kama ingewaka moto?"

"Ningekuita."

"Nilikuwa barabarani, na upepo ule. Nisingesikia."

"Basi ningekungoja," akasema, na akaendelea kusuka kikapu chake.

Kakuma nilikwenda na betri mbili. Ndege iliruka vizuri, wanafunzi walipiga kelele kwa lugha zote za kambi ile, na rafiki yangu alinishika bega akaniambia niache kutazama chini. Ukweli ni kwamba kila ilipopaa nilikuwa naona lile duara kwenye mchanga na ule waya ulionyooka. Nilishusha kabla betri haijaisha, mara zote mbili. Wanafunzi walilalamika, na walikuwa na haki.

Sikuacha mchezo. Nilifikiria kuacha, na mama ndiye aliyenikatalia, akaniuliza nitakaa na nini jioni. Ila sasa waya wangu ni mfupi, haufiki kwake hata ukivutwa na ng'ombe. Na maagizo nimeyabadilisha. Kila ninapowasha chaja namwambia: ukiona moshi, ukisikia inalia, iache hapohapo, toka, kimbia mpaka barabarani, usirudi kuchukua kitu chochote, hata kiwe cha nani.

"Nimesikia," ananijibu.

Anajibu upesi mno, huku akivuta shuka kufunika ule mkono wake, na mimi simwamini hata kidogo.