Shuka la Johnena

Wivu hauna macho, lakini wa Johnena MacAskill ulikuwa na dirisha. Jiko lake linatazama ule mlango mwembamba unaolitoa ziwa kubwa la Cape Breton kwenda baharini, ambamo maji hukimbia kama yamefukuzwa, mara yakiingia, mara yakitoka. Mashua hufungwa ng'ambo ya kilima, ghubani, mahali ambapo mtu hawezi kuuona mlango hata akirefusha shingo. Ndiyo maana tangu enzi za mama mkwe wake kuna kamba ya nguo kule juu kilimani. Majani ya majini chini ya gati la pale mlangoni yakilala upande wa bahari, mwanamke wa nyumba ile hutundika shuka jeupe, na wenye matanga huko chini hung'oa nanga. Vitabu vya maji kujaa na kupwa wanavyo, lakini upepo wa ziwani huyachelewesha maji unavyotaka, na kitabu hakina habari. Siku ya safari hakuna kingine kinachoanikwa pale, hata soksi.

Safari hii msafiri alikuwa Alasdair, mumewe, na hilo lisingekuwa neno. Neno lilikuwa Peigi. Peigi ni mjane, mdogo kwa Johnena, na meno yake yote yako mdomoni. Marehemu mumewe, Niall, aliijenga mashua pamoja na Alasdair, ubao kwa ubao. Kisha Niall akatoka nayo peke yake, dhoruba ikamkuta huko nje; mashua ikaokotwa, mwenyewe hakuokotwa. Sasa Peigi alikuwa amemuuzia kaka yake wa Newfoundland mashua hiyo, na akamwomba Alasdair wamfikishie. Wawili tu, na bahari yote hiyo.

Kwanza Alasdair alinyoa ndevu.

"Zinashika chumvi," alisema.

"Na miaka yote hii zilikuwa zinashika sukari?" Johnena akamuuliza.

Kisha akaanza kupiga mbinja asubuhi. Kisha akaja na kopo la biskuti za shayiri, alizooka Peigi. "Jaribu moja, mke wangu. Zinayeyuka!" Biskuti za Johnena haziyeyuki, hutafunwa. Hakujaribu hata moja. Alilisukuma kopo nyuma ya gudulia la unga, na usiku akalala amempa mumewe mgongo.

Asubuhi ya safari upepo ulikuwa mzuri, lakini redio ilisema kesho yake ungegeuka, uvume kutoka baharini wiki nzima. Upepo huo ukikutana na maji yanayotoka, mlango huchemka kama sufuria na hakuna anayethubutu. Yule kaka naye alikwisha kusema akicheleweshewa atakuja kuichukua mwenyewe. Kwa hiyo leo wasipotoka, hawatoki pamoja tena. Johnena aliijua hesabu hiyo vizuri.

Majani chini ya gati yalisimama wima, yakayumba, yakaanza kulala upande wa bahari. Shuka lilikuwa kikapuni, limekamuliwa. Johnena alijimiminia chai, akakaa.

"Waikodolee macho kamba," alijisemea. "Wale biskuti."

Simu ikalia. Alikuwa Dolina, wifi yake, mwenye nyumba ya juu barabarani.

"We Johnena, mbona kamba tupu? Maji si yanapwa hayo?"

"Bado."

"Bado nini? Nayaona na haya macho yangu mabovu!"

"Basi nenda katundike chupi yako," Johnena akasema, akakata.

Chai ilikuwa haijapoa aliposikia vishindo uani. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alasdair aliingia bila kofia, uso mweupe kama unga, anahema kama mzee aliyekimbia kilima kizima, maana ndivyo alivyokuwa. Alitazama sakafuni kwanza, karibu na jiko la kuni. Ndipo akamtazama yeye.

"U mzima," alisema, akashika kiti.

"Kwa nini nisiwe mzima?"

"Shuka! Hakuna shuka! Hata ulipougua mapafu ulitoka ukatundika. Nikasema basi, Johnena kafa. Kaanguka huko jikoni, na mimi niko chini nakunja kamba!"

Furaha ilimpanda Johnena mpaka kooni, furaha ya aibu. Miaka yote hiyo alikuwa akitaka kumwona mtu huyu akimkimbilia hivyo.

Peigi akaingia nyuma yake, sanduku la dawa mkononi. Alitazama dirishani, maji yalivyokuwa yakienda. Akatazama kikapu. Mwanamke hahitaji kuelezwa.

"Hukulitundika makusudi."

"Makusudi," Johnena akasema. "Nakuonea wivu. Ndevu kanyoa, mbinja anapiga, biskuti zako zinayeyuka. Nakuonea wivu mpaka silali."

"Wivu wa huyu?" Alasdair akapayuka. "Huyu ananiita babu!"

Peigi hakucheka. Aliliweka sanduku mezani.

"Dada Johnena, siku ya Niall ulitundika. Kwa wakati wake, maji yakiwa sawasawa, na sijakulaumu hata siku moja. Lakini kama kuna siku ya kulificha shuka, ungelificha siku ile. Ungenionea wivu siku ile."

Johnena alijiona mdogo kuliko kikombe alichokishika.

"Maji ya kutokea bado yapo," Alasdair alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Lakini bila shuka mimi sitoki."

Basi Johnena akatoka, akalitundika, na wao wawili wamesimama pale pale uani wanamtazama, kana kwamba maji hawayaoni. Kisha wakashuka ghubani. Baada ya muda tanga likatokeza, mashua ikachukuliwa na mkondo, Peigi kwenye usukani, Alasdair akipunga kofia ya kuazima.

Desturi ni kulianua shuka mashua ikishapita mnara wa taa. Johnena hakulianua. Lilinyeshewa, likapigwa na upepo ulipogeuka, Dolina akapiga simu kumcheka, nalo likabaki pale pale mpaka Alasdair aliporudi kwa meli ya abiria.

Jioni hiyo Johnena alilitoa kopo nyuma ya gudulia, akala biskuti moja. Kweli iliyeyuka, na hilo nalo likamuuma.