Megabaiti Nane za Mwalimu Lokwang

Enzi zetu, sisi tuliokulia Isiolo wakati lami ilikuwa bado inakomea mjini, kompyuta ilijulikana kwa jina la mwenyewe, kama ngamia. Haikuwa kompyuta tu. Ilikuwa ya Mama Kendi wa fotokopi, au ya ofisi ya mifugo, au ya Mwalimu Lokwang. Nimejaribu kuzihesabu upya wiki hii, na kila nikihesabu napata tisa. Huenda zilikuwa zaidi, lakini hizo nyingine hazikuwa zetu kuzijua.

Tulikuwa watoto wa vumbi na upepo. Tuliendesha magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili zilizochakaa, tukiyasukuma kwa fito ndefu hadi mnada wa mifugo ambako Baba alikuwa dalali, na injini zilikuwa midomo yetu. Kaka yangu Jillo aliweza kutambua kwa sauti, kabla halijatokea, kama lori limebeba ng'ombe au mbuzi. Mimi nilikuwa wa kuandika nambari zake za usajili katika daftari. Jioni tulirudi tukinuka mbuzi, na Mama hakuturuhusu kugusa chai kabla hatujanawa hadi viwikoni. Chai ile ya maziwa ya ngamia ilikuwa na ladha ya moshi, kwa kuwa chombo cha maziwa kilifukizwa kwa makaa ya mti wenye harufu nzuri. Sijaipata tena katika mkahawa wowote wa Nairobi, ingawa nimeitafuta, na nakiri nimeitafuta kupita kiasi.

Mnadani Baba alikuwa na msemo wake: "Mbuzi haulizwi umri, hufunguliwa kinywa." Maneno ya muuzaji hakuyasikiliza. Alifungua kinywa, akahesabu meno, akapapasa mgongo, na mwisho akamtembeza mnyama hatua ishirini huku na ishirini kule. Mimi nilipenda sehemu ya meno, kwa sababu meno yanahesabika. Jillo alipenda sehemu ya kutembea.

Jillo alinizidi miaka miwili, lakini tulikuwa darasa moja, kwa kuwa alichelewa kuanza shule akichunga. Likizo ya Desemba tulipomaliza darasa la sita, ukame ulikuwa umetuachia mifugo michache na wachungaji wachache zaidi. Baada ya swala ya alasiri Baba alitutangazia kwamba mmoja wetu angebaki shuleni na mwingine angekwenda Korbesa, katika fora, yaani kambi ya ngamia inayohama kufuata malisho. Alizitandaza ripoti zetu za shule juu ya mkeka akazitazama kwa makini, ingawa hakujua kusoma. Kisha akaniuliza mimi ni nani mwenye nambari ndogo. Nilimwambia ukweli. Nilikuwa wa tatu. Jillo alikuwa wa thelathini na sita.

"Basi," Baba akasema, "Jillo ataondoka shule zikifunguliwa."

Jillo hakulia. Alitaka jambo moja tu, na hakuliomba kwa Baba bali kwangu: kabla ya lori la kaskazini kumchukua, aendeshe lile gari la kompyuta walau mara moja, mimi nikiwa kando yake.

Gari hilo lilikuwa ndani ya diski ya mchezo ambayo binamu yetu alituletea kutoka Nairobi. Mbele ya boksi kulikuwa na picha ya gari la bluu likikata kona kwenye barabara ya mlimani iliyolowa mvua, barabara ambayo mtoto wa Isiolo angeweza kuitazama kwa saa nzima. Nyuma kulikuwa na orodha ya Kiingereza chini ya maneno niliyoyaelewa kumaanisha kwamba bila haya, usijaribu. Prosesa ya kasi fulani. Memori ya megabaiti sitini na nne. Nafasi kadhaa katika diski ya ndani. Kadi ya picha yenye megabaiti kumi na sita. Niliyanakili yote katika daftari langu, nikaacha mstari mtupu chini ya kila moja kwa ajili ya majibu.

Tulianza kwa Mama Kendi, Mmeru aliyechapa barua za watu na kadi za harusi katika kibanda chake karibu na soko.

"Nyinyi watoto wa Wario," akasema, "mmetoka kwa mbuzi moja kwa moja mnakuja kushika panya yangu? Naweni kwanza!"

Tulinawa. Ndiye aliyenifundisha kubofya ile picha ndogo ya kompyuta kwenye skrini kwa kitufe cha kulia na kuchagua neno la mwisho chini, hadi dirisha dogo lifunguke na mashine ijitaje yenyewe. Wakati nasoma, Jillo aliweka kiganja juu ya mgongo wa mashine na sikio karibu na feni.

"Hii inapumua vibaya," akaninong'oneza.

"Memori ni thelathini na mbili," nikasema.

"Ni kidogo?" Mama Kendi akauliza, kwa sauti ya mzazi aliyeambiwa mtoto wake ni mfupi.

"Ni nusu."

"Nusu ya nini? Hii mashine imeandika harusi za Isiolo yote! Ebu tokeni hapa."

Alitufukuza akiwa ametushikisha andazi moja moja. Mashine ya ofisi ya mifugo ilikuwa na memori ya kutosha, lakini tundu lake la diski lilikuwa limekufa. Za saiber, duka la intaneti, zilifungwa kwa neno la siri ambalo mwenyewe hakutaka kulitamka hata mbele ya mkewe. Siku za kabla ya lori zilipungua. Jillo aliacha kuzitaja, nami nikaanza kuziandika juu ya ukurasa: tisa, saba, nne.

Zilipobaki siku tatu, Jumapili alasiri, tulikwenda kwa Mwalimu Lokwang, Mturkana aliyetufundisha hesabu. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa tai.

"Habari zenu, wanaume," akasema, akatumiminia chai kabla hatujaeleza shida. Tulipoeleza, hakucheka. Aliondoa kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika kompyuta, akakikunja mara nne, akaniachia kiti chake.

Nilifungua daftari. Prosesa: ilitosha. Memori: ilitosha, tena ilizidi. Nafasi: ilitosha. Nilisikia pumzi za Jillo begani mwangu, na kila nilipotia alama alisema "Eeh" polepole, kama mtu anayesikia bei ikipanda. Kwa kadi ya picha ilibidi kuiandikia mashine amri ya herufi sita isiyotamkika, na kungoja. Jibu likaja. Nane.

"Haiwezi," nikasema.

"Nini haiwezi?"

"Kadi ya picha. Wanataka kumi na sita. Hii iko na nane."

"Na zile zingine?"

"Zingine ziko sawa."

"Sasa si uweke tu! Baba hufungua kinywa, ndiyo, lakini si baadaye humtembeza ng'ombe? Hata kilema humtembeza, aone. Itembeze."

"Jaribuni, vijana," Mwalimu akasema. "Haitalipuka."

Nilikuwa na sababu zangu, na nakumbuka mpangilio wake. Kwanza, mitihani ya shule nzima ilikuwa ndani ya mashine ile. Pili, mashine ikizimika isiwake tena, Mwalimu angemwambia Baba. Tatu, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa kweli, boksi lilikuwa limeandikwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimelisoma.

"Imeandikwa," nikasema. "Bila kumi na sita, haiwezi."

Jillo aligeuka kunitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ningefarijika kama ingekuwapo.

"Kama imeandikwa, imeandikwa," akasema. "Wewe ndiye unajua kusoma."

Alichukua boksi, akalifunga, kisha akainywa chai yake hadi tone la mwisho, kwa sababu kwetu kuacha chai ya mtu ni kumtukana.

Aliondoka Jumatano asubuhi juu ya lori la mifugo lililokuwa likirudi kaskazini tupu. Akiwa tayari amekaa juu ya vyuma, aliinama akanipa ile diski. "Ukipata mashine," akasema, "usinimalizie mafuta." Watu waliokuwa juu ya lori walicheka bila kujua wanachocheka. Mimi nilikwenda darasa la saba.

Katika mwaka wangu wa pili chuoni nilipewa kazi ya kuorodhesha kompyuta kuukuu zilizokuwa zikingoja kutupwa. Miongoni mwake kulikuwa na moja ya kijivu ambayo, nilipoikagua, ilikuwa na kadi ya picha ya megabaiti nane. Nilikwenda bwenini kuichukua diski. Nilipoiweka, mchezo ulitangulia kuniuliza nataka picha za ukubwa gani: kubwa, za kadiri au ndogo. Nikachagua ndogo. Miti ilikuwa kama maboksi ya sabuni na mvua haikuwapo, lakini lile gari la bluu lilitembea, polepole, likikwama hapa na pale kama punda mwenye mawazo yake. Swali lile liliwekwa kwa ajili ya mashine kama ya Mwalimu Lokwang. Kumi na sita zilikuwa za mvua na vivuli. Nane zilitosha kwa gari. Niliendesha nusu ya mzunguko, nikaondoa mikono.

Sikumwambia Jillo. Kila Idi nilimkuta nyumbani, na kila Idi nilipata hoja nzuri ya kungoja Idi ijayo.

Mwezi uliopita jopo la chuo liliirudisha tasnifu yangu ya uzamili. Waliandika kwamba nimetumia sura nne kueleza masharti yanayohitajika kabla ya mtu kufikia hitimisho, na kwamba hitimisho lenyewe hawakuliona. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nimerudi Isiolo kuisahihisha, na ninaisahihisha kwenye meza ileile ambayo dada yangu na binti yake Qabale hutumia kulia chakula.

Juzi Qabale aliniomba kompyuta. "Anko, niangalie kama itabeba gemu yangu." Alifungua ukurasa fulani wa mtandao, ukurasa ukaisoma mashine yangu, na kabla sijaweka miwani vizuri akapiga makofi. "Imepita zote! Anko, hii kitu yako ni noma, na wewe unaandikia tu maneno!" Hakunawa. Hakugusa mgongo wa mashine kusikia joto lake. Alivaa vipokea sauti masikioni, akaanza kushindana na mtu wa nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani, huku rafiki yake wa nyumba ya pili akimngoja kibarazani na kamba ya kuruka mkononi. Nilitaka kucheka. Badala yake niliweka kikombe mezani kwa kishindo, na chai ikamwagika kwenye kurasa zangu.

"Anko," Qabale akasema, akiondoa kifaa kwenye sikio moja, "ni gemu tu."

Enzi zile kukagua mashine kulikuwa ni kuingia nyumbani mwa mtu. Ulisalimia, ulifukuzwa, uliitwa tena, ulikunywa chai, ukatoka ukijua habari za wagonjwa wake na wasafiri wake. Siku hizi jibu huja kabla swali halijakaa sawa, na ni jibu sahihi kuliko yote niliyowahi kuandika katika daftari lile. Siwezi kulilaumu kwa usahihi wake. Mimi, kati ya watu wote! Ila hakuna mtu aliyejua kwamba umeuliza, na hakuna begani mwako anayesema "Eeh."

Nilitoka hadi langoni, nikampigia Jillo simu. Ilikuwa saa kumi alasiri, wakati ambapo huko Korbesa hupanda kilimani kutafuta mtandao. Tulisalimiana salaam aleikum, kisha tukapitia amani zote za Kiborana: ya nyumba, ya watoto, ya ngamia, ya malisho. Ndipo nikamwambia. Nilimweleza kuhusu nane na kumi na sita, na mashine ya kijivu, na lile swali la picha ndogo. Upande wa pili nilisikia kengele za mbao za ngamia, na upepo.

"Kwa hiyo ingeweza," akasema.

"Ingeweza. Polepole, lakini ingeweza."

"Na umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili chuoni."

"Wallahi wewe! Miaka yote hiyo umekaa na jibu tumboni? Huko wanawafundisha nini, jamani?" Alicheka hadi akakohoa. Akaniambia mvua imenyesha, kwamba ngamia jike mweupe amezaa, kwamba Mama amemwambia nimekonda na nile. Akaniaga. Lakini hakukata simu; nadhani aliitia mfukoni ikiwa hai.

Nilipaswa kukata mimi. Nilisikia kitambaa kikikwaruza, kisha sauti ya binti yake mdogo ikiuliza kwa Kiborana ni nani aliyekuwa akiongea.

"Baba yako mdogo. Anasema ile mashine ya mwalimu ilikuwa nzima."

"Mashine gani?"

Akaanza kumsimulia. Alisimulia vizuri kuliko nilivyofanya hapa, bila namba hata moja. Alipofika mahali nilipokuwa kwenye kiti cha Mwalimu, nilishika chuma cha lango. Yeye akapapita, kana kwamba sikuwahi kusema haiwezi. Katika masimulizi yake diski iliingia, na barabara ya mlimani ikatokea, imelowa.

"Ukaendesha?" mtoto akauliza.

"Mimi kwanza, halafu yeye. Na kusoma kwake kote, aligonga ukuta kila kona! Mwalimu akacheka mpaka akavua tai."

"Nani alishinda?"

"Wewe unaonaje?"

Mimi ninayesahihisha hata nukta nilikuwa tayari nimefungua kinywa. Nikakifunga. Nilisimama pale na simu ya moto sikioni, nikasikiliza jinsi nilivyoshindwa, kona moja baada ya nyingine, hadi mtandao ukakatika.