Taipureta ya Baba na Tumbili wa Madimba

Sisi tuliokulia Mtwara kabla gesi haijaipa Madimba jina, likizo zetu zilikuwa za shambani, kufukuza tumbili kwenye mikorosho. Vijana wa leo wakimwona tumbili wanapiga naye picha. Sisi tulimrushia mawe, naye akatutupia mabibo aliyoyang'ata nusu. Nguo iliyodondokewa maji ya bibo haikutakata tena, ufue kwa sabuni gani.

Baba alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya bandarini. Ofisi ilipopata mashine mpya, akapewa taipureta kuukuu, akaja nayo nyumbani begani. Mimi na kaka yangu Hassani tuliitaka sote. Baba akasema, "Atakayeniandikia kitu kitakachonizuia kusinzia baada ya kula, ni yake."

Nikaandika, nikachana, nikaandika tena. Kila nilichomsomea, Baba alikoroma kabla sijafika katikati. Hassani, mvivu wa kupindukia, alikuwa amesikia shuleni kwamba tumbili wakibonyeza herufi bila kuchoka, iko siku watatoa kitabu kikubwa. Basi akaipeleka mashine shambani, akaiweka juu ya dungu tulilokuwa tukilindia, akavipaka vitufe maji ya mabibo, akajificha. Na tumbili wakaja kweli.

Jioni Baba akaisoma karatasi yao kwa sauti yake ya ofisini: kkjp, ssmm, wwq. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini katikati ya takataka ile kulikuwa na neno zima: lala. Hassani akaruka. "Mnaona? Ndiyo wameanza hivyo." Nami niliona mashine inakwenda.

Mama, aliyekuwa akipakua ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akauliza, "Alale nani, Hassani? Huyo tumbili anamwambia nani?"

Hassani akaichukua karatasi, akaigeuza huku na huku. Jibu nikalipata mimi. Nikasema ni mama tumbili anambembeleza mwanawe anyamaze, kwa kuwa amesikia watoto wenye mawe wanakuja. Nikaendelea, mtoto akakataa kulala, watoto wakafika chini ya mkorosho, na ming'oko ikapoa kwenye sahani. Baba alikuwa macho, kakodoa. Nilipomaliza akaifuta taipureta kwa shuka lake, akaiweka mapajani mwangu.

Vitabu vyangu vyote vimeanzia kwenye mashine ile, nami najivunia mpaka kesho. Kitufe cha L bado kinanata.

Juzi mtoto wa Hassani alinionyesha simu yake inavyotunga hadithi kabla chai haijapoa. Ilikuwa nzuri, sitaki kuwa mnafiki. Nikamuuliza, "Hii inamwambia nani?"

Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Sijui, shangazi. Kwani lazima?"

Siku hizi maneno yanamwagika usiku na mchana, na hakuna anayeuliza. Enzi zetu hata tumbili aliulizwa.