Diski Kubwa na Kadi ya Maina

Nakumbuka mchana mmoja wa baridi pale Naro Moru, nimesimama mlangoni mwa chumba chetu cha gemu nimekumbatia katoni, nikijiona nimeutoa mji mzima gizani. Mwanangu, kila kijana anaponiuliza kama diski zinazobeba vitu vingi zaidi ndizo zinazofanya gemu kuwa tamu zaidi, siku hiyo ndiyo inayonijia. Nimechoka kuisimulia, lakini keti.

Chumba kile kilikuwa chetu wawili, mimi na rafiki yangu Muriuki. Tulikuwa na runinga moja, mashine moja ya kuchezea gemu za DVD, na padi mbili za kuendeshea mchezo, zilizofungwa utepe. Wateja wetu wakubwa walikuwa wapagazi, wale vijana wanaowabebea watalii mizigo kupanda Mlima Kenya. Wakishuka, vidole vimekufa ganzi, walipitia kwetu kucheza mpira kabla hata ya kufika nyumbani. Sheria ilikuwa moja: ukifungwa unampisha mwenzako, hata kama wewe ndiye mwenye chumba.

Gemu ile ya mpira ilikuruhusu kujitengenezea mchezaji. Basi kila mpagazi alijitengeneza, akajiwekea jina, sura na viatu, tukapata timu kamili ya Naro Moru. Maina, mdogo wake Muriuki, alijirefusha kupita wote, na sote tulijua alivyokuwa mfupi. Tulimcheka siku nzima. Timu yote ilihifadhiwa kwenye kadi ndogo ya memori iliyochomekwa mbele ya mashine.

Mwaka uliofuata Maina alishikwa na kifua akiwa mlimani. Walimshusha kwa machela, hakupona. Baada ya mazishi Muriuki alirudi chumbani, akawasha mashine, akampanga Maina mbele kama mshambuliaji. Tangu hapo alicheza mechi moja kila siku kabla ya kufunga, na hata foleni iwe ndefu namna gani, tulimpisha.

Ndipo zikaja habari za mashine mpya, ambayo diski yake ilibeba mara tano ya DVD. Mara tano! Neno hilo lilinipanda kichwani. Muriuki alikuwa amesafiri kwenda kwa dada yake Kutus. Nikaibeba mashine ya zamani jinsi ilivyokuwa, pamoja na kila kilichochomekwa, nikaenda Nanyuki kwa mfanyabiashara mmoja aliyeuza mifugo na vyombo vya umeme. Nikamwachia mashine na mbuzi wangu wawili, nikarudi na katoni. Sikumwuliza mwenzangu. Nilitaka kumfurahisha na, kusema kweli, nilitaka pia kusifiwa.

Wapagazi walijaa. Nikaweka diski, mashine ikatuambia tusubiri, inahamisha vitu kutoka kwenye diski. Tukasubiri hadi chai ikapoa. Mpira ulipoanza, sikatai, ulipendeza: nyasi unaziona moja moja, jasho linang'aa, mashabiki wamesimama. Kwa nusu saa tulikuwa watoto. Halafu tukazoea nyasi, tukaona mpira ni ule ule. Fundi mmoja alinieleza baadaye kwamba sehemu kubwa ya nafasi ile ilikuwa video za kutazama tu, watangazaji wa lugha ambazo hakuna anayezijua Naro Moru, na vitu vile vile vilivyorudiwa mara kadhaa ili mashine isichelewe kuvitafuta. Ziko gemu zilizofaidika kweli, zile za hadithi ndefu zilizokulazimisha kubadilisha diski katikati. Yetu ilipata nyasi.

Kesho yake Muriuki akaingia. Akaitazama mashine, akashika padi, akaitafuta timu yetu.

"Maina ako wapi?"

"Hii ni mpya, Muriuki. Diski yake iko na nafasi mingi sana..."

"Nimekuuliza Maina ako wapi. Memori iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka, mwanangu. Kadi niliiacha imechomekwa kwenye mashine kule Nanyuki.

Tulikimbilia Nanyuki. Yule mfanyabiashara alikuwa ameshaifuta kadi na kuiuza mashine kwa mtu wa Timau ambaye hakumjua jina. Alituomba radhi sana, ingawa hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Aliyenikemea ni Mzee Nderitu, mpagazi mstaafu aliyekuja kwetu kuota joto la watu. "Wewe Kamau," aliniambia, "mimi nimebeba mizigo kwa hii mlima miaka mingi. Mtu anakuja na begi kubwa, akifungua kwa kambi unaona ni viatu ya ziada na vitabu hasomi. Mwingine ako na kabegi kadogo, na ndani iko dawa yake ya moyo. Ukipoteza hiyo, umeua mtu. Ati uliuliza diski inabeba ngapi. Mbona hukuuliza ile kadi ilikuwa imebeba nini?"

Nikatafuta mashine nyingine ya zamani na kadi yake, nikakaa siku mbili nikiitengeneza timu upya, jina kwa jina. Maina nikamrefusha kupita wote. Nikampelekea Muriuki shambani, akiwa anachimba viazi. Aliishika ile kadi, akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Asante," akasema. "Lakini huyu umemtengeneza wewe. Yule alijitengeneza mwenyewe."

Hatukugombana. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana kwa adabu, kama watu waliowahi kufanya kazi mahali pamoja. Hicho ndicho kinachonichosha.

Basi, mwanangu, diski kubwa ichukue ikikufaa, usije ukasema mzee anachukia mambo mapya. Nafasi kubwa humruhusu mtengenezaji kuweka zaidi, haimlazimishi kuweka kilicho bora. Uliza ndani kuna nini. Na kabla hujakitoa cha zamani, waulize wote wanaokitumia wamehifadhi nini humo, na uwaulize wakiwapo. Mungu akujalie marafiki wa kukaa nao hadi uzeeni, akupe moyo wa kuuliza mapema, na akuepushe na kosa ambalo rafiki yako yuko tayari kulisamehe na bado hakuna awezaye kulirekebisha. Nenda salama.